Stelingi Aliyechukiwa na Waliomtengeneza

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa sanaa, na nyinyi mliokuja kwa sababu mlisikia kuna picha ya bure: ahsanteni kwa kurudi vitini. Najua chai iko nyuma pale, na wengine macho yenu yameshafika kwenye birika. Sitawarudishia hadithi mliyokwisha kuitazama wenyewe kwa dakika 106. Nitawazungumzia watu: walioitengeneza Kiss Me Deadly mwaka 1955, waliotaka vijana wakingwe nayo, na walioishangilia ng'ambo ya bahari wakati kwao haikuwa na mtetezi.

Niseme mapema ninaposimama. Naamini hii ni picha ya kipelelezi iliyotengenezwa na watu wasiomvumilia mpelelezi wao. Ugomvi wote uliofuata, wa wanasiasa, wa viongozi wa dini na wa wahakiki, kwa maoni yangu ulizunguka swali moja: je, mtazamaji atalitambua hilo, au atamshangilia jamaa kwa kuwa tu ndiye stelingi?

Tuanzie kwenye kitabu. Mwaka 1947 kijana mmoja aliyekuwa akiandika hadithi za katuni, Mickey Spillane, alitoa riwaya iliyomleta duniani mpelelezi wa kujitegemea aitwaye Mike Hammer. Vitabu vyake vya jalada jepesi viliuzwa kwa mamilioni, vikasomwa kwenye mabasi, kambini na vinyozini. Hammer wa vitabuni anakamata, anahukumu, ananyonga, kisha analala usingizi mnono. Msomaji anaombwa akubaliane naye. Wengi wetu hapa tulimjua mpelelezi kwanza kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mzee wa kiko na tafakuri, anayekaa kimya mpaka kila mtu ameshasema uongo wake. Huyu wa Spillane ni kinyume chake kabisa. Kufikiri anawaachia wengine. Yeye anauliza kwa ngumi.

Haki za kuvigeuza vitabu hivyo kuwa filamu alizinunua mtayarishaji Mwingereza, Victor Saville. Picha mbili za kwanza zilitoka mwaka 1953 na 1954, na sina la kuziongezea. Ya tatu alimkabidhi Robert Aldrich, na hapo mambo yakageuka.

Aldrich hakuwa mtu wa kawaida kukutwa katika kazi hii. Alizaliwa mwaka 1918 Rhode Island, katika ukoo wa pesa na siasa. Babu yake alikuwa seneta mwenye nguvu, na kwa ndoa walikuwa na udugu na akina Rockefeller. Kijana akauacha utajiri huo, akaenda Hollywood kuanzia kazi za ukarani. Akawa msaidizi wa waongozaji wakubwa, Jean Renoir na Charlie Chaplin miongoni mwao. Alifanya kazi pia na Abraham Polonsky na Joseph Losey, na wote wawili baadaye walifungiwa milango ya studio kwa kushukiwa ukomunisti. Kwa hiyo Aldrich alijua maana ya mtu kuitwa mbele ya kamati na kuulizwa majina ya rafiki zake. Mwishoni mwa mwaka 1954, kipindi picha hii ilipokuwa inapigwa Los Angeles, ndipo Seneti ya Marekani ilipomlaani rasmi Seneta Joseph McCarthy, kinara wa msako ule wa wakomunisti. Nchi nzima ilikuwa imechoka na watu wanaosema, niachieni mimi, nitawapata wabaya kwa njia yoyote. Na mezani kwa Aldrich kikaletwa kitabu ambacho shujaa wake anasema maneno hayohayo.

Mwandishi wa filamu alikuwa A. I. Bezzerides, aliyezaliwa Uturuki ya enzi za Waothmani, baba Mgiriki na mama Mwarmenia, akakulia Fresno, California. Alikuwa na jina kwa kuandika juu ya madereva wa malori na wauza matunda, watu wanaonyonywa na madalali. Alikisoma kitabu cha Spillane, akakidharau, na dharau hiyo hakuificha katika mahojiano ya miaka ya baadaye. Jina la kitabu akaliacha, na wahusika kadhaa. Hadithi akaihamisha New York akaipeleka Los Angeles. Kitabuni watu wanauana kwa ajili ya dawa za kulevya, na kanuni za maadili za Hollywood wakati ule zilikuwa na ukali wa pekee juu ya dawa za kulevya. Basi Bezzerides akaweka mahali pake kile kikasha mlichokiona, kilichofungwa kwa mikanda ya ngozi, kinachochoma mkono hata kabla hakijafunguliwa.

Na Hammer mwenyewe akamfanya nini? Hakumbadilisha sana, na hilo ndilo linalonivutia. Alimwacha alivyo, akamwondolea mtu wa kumtetea.

Kumbukeni mwanzo. Usiku, barabara kuu, mwanamke anakimbia miguu mitupu akiwa amevaa koti la mvua na hana kingine ndani. Anasimama katikati ya njia mbele ya gari. Hammer anakanyaga breki, gari linayumba hadi pembeni, na neno lake la kwanza halimjali mtu aliyenusurika kumgonga, linalijali gari. Kisha majina ya waigizaji yanateremka kutoka juu ya kioo, kinyume cha mazoea, hata jina la picha inabidi ulisome kutoka mstari wa chini kwenda wa juu, huku Nat King Cole akiimba redioni na yule mwanamke akihema kwa kwikwi. Sauti hizo mbili zimeachwa zigombane kwa makusudi. Dakika chache baadaye, wakiwa ndani ya gari, Christina (ambaye ni Cloris Leachman katika filamu yake ya kwanza kupewa nafasi ya maana) anamsoma Hammer kama tangazo ukutani. Anamwambia kwamba yeye ni mtu mwenye penzi moja tu la kudumu, nalo ni la nafsi yake. Picha haijafika popote, na marehemu mtarajiwa ameshatoa hukumu.

Halafu tume ya uhalifu inamhoji. Wanaume waliovaa suti wanamzunguka na kusoma kazi yake kwa sauti, kana kwamba hayupo. Kazi yake ni talaka. Velda, katibu wake, anatumwa kumtongoza mume. Yeye anamshughulikia mke. Ushahidi unauzwa pande zote mbili. Hammer hakanushi hata neno. Akishatoka, mmoja wao anasema lifunguliwe dirisha. Katika picha gani nyingine ya upelelezi ya miaka ile mlimwona stelingi akiambiwa ananuka?

Sasa niwaguse kidogo. Nilikuwa nimekaa upande ule, na nikasikia vicheko droo ilipofungwa. Mnaikumbuka: yule mzee mdogo wa chumba cha maiti, mwenye sauti nyembamba, anataka hongo zaidi kabla ya kutoa ufunguo uliopatikana tumboni mwa Christina. Anaingiza mkono droo ya meza. Hammer anaisukuma droo juu ya vidole na kuibana. Mzee anapiga yowe, na kamera inatulia usoni kwa Ralph Meeker, mwigizaji wa Hammer, anayetabasamu. Angalieni vizuri hilo tabasamu siku nyingine. Tayari ameshaupata ushindi, mzee hana ujanja tena, lakini bado anasukuma. Meeker alikuwa ametoka jukwaani Broadway, ambako alirithi nafasi ya Stanley Kowalski, yule mume katili wa tamthilia ya A Streetcar Named Desire, baada ya Marlon Brando, na alijua kumwigiza mwanamume anayeona raha kwa maumivu ya mwenzake. Mtazamaji anacheka, kisha kicheko kinamwishia mdomoni kwa sababu kamera haiondoki. Hali ni hiyohiyo pale anapoivunja sahani ya santuri ya Caruso mbele ya mwimbaji mzee wa opera asiye na kitu kingine duniani. Habari aliyokuwa akiitafuta angeipata kwa kuomba tu na kungoja.

Kwa kulinganisha, mateso ya Christina yenyewe hamkuyaona. Mliona miguu inayoning'inia, mkasikia yowe, kisha kimya. Aldrich aliliandikia gazeti moja la New York mapema mwaka huo wa 1955 kujitetea kabla ya filamu kutoka: kwamba vurugu zimo, ila nyingi ameziacha kwenye sauti na kwenye nyuso za watu. Utetezi wake ni wa kweli, na haukumsaidia. Kitu usichokiona unakijazia mwenyewe, na kichwa cha binadamu hakina mdhibiti.

Hapa ndipo wakubwa walipoingia. Legion of Decency, jumuiya ya Wakatoliki wa Marekani iliyokuwa ikipima filamu na kuwaambia waumini ipi ni dhambi kuitazama, ilikuwa na uwezo wa kuua soko la picha kwa tamko moja. Filamu ikapunguzwa hapa na pale ili isipigwe marufuku yao kamili. Kisha Seneta Estes Kefauver wa Tennessee. Huyu alikuwa amepata umaarufu mwaka 1950 na 1951 kwa kuwahoji majambazi wakubwa mbele ya kamera za televisheni. Mwaka 1955 kamati yake ndogo ilikuwa inachunguza kuharibika kwa vijana, ikafika Los Angeles kuziuliza studio zinauza nini kwa watoto wa watu. Kiss Me Deadly ikawa miongoni mwa vielelezo vya mashtaka.

Msinielewe vibaya, sisemi Kefauver alikuwa mjinga. Mabango ya filamu hiyo yaliahidi mabusu mekundu ya damu na msisimko wa moto mweupe, na yakaiita bomu jipya la haidrojeni la Mickey Spillane. Ukitangaza bidhaa yako hivyo, usishangae seneta akikuamini. Waliouza picha walikuwa wanamuuza Hammer wa kitabu kwa watu wa kitabu. Walioipiga walikuwa wanamshtaki. Mtu aliyelipa kiingilio akakuta amealikwa arusini akaingizwa mahakamani, na si ajabu wengi hawakujua washike lipi. Magazeti makubwa ya nyumbani hayakuipa uzito. Kwao ilikuwa Spillane nyingine, na Spillane hakuwa mtu wa kujadiliwa mbele ya wageni.

Tukigeukia kikasha, naomba vijana mjiweke mahali pa mtazamaji wa mwaka 1955. Leo kitu kinachong'aa ndani ya mkoba ni mzaha wa sinema. Wameuiga wengi, wakubwa kwa wadogo. Wakati ule haukuwa mzaha. Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, na mashua ya wavuvi wa Kijapani iliyokuwa mbali na eneo lililokatazwa ikanyeshewa na majivu yake. Wavuvi 23 wakaugua, na mmoja akafa kabla mwaka haujaisha. Majaribio mengine yalikuwa yakifanywa jangwani Nevada tangu 1951, na mara nyingine mwanga wake ulionekana kabla ya alfajiri na watu wa Los Angeles wenyewe. Yaani mtazamaji alikuwa anatoka kwenye jumba la sinema na kuingia katika mji ambao anga yake iliweza kuwaka kama kikasha kile.

Ndiyo sababu tukio ninalolipenda kuliko yote halina mlipuko. Hammer amelifungua kasha kidogo tu, mstari wa mwanga ukatoka na kumwachia alama ya moto kwenye kifundo cha mkono. Luteni Pat Murphy, polisi rafiki yake, anaiona alama hiyo. Hamfokei. Anamwambia asikilize, kisha anatamka maneno machache moja moja, kama mwalimu anayemwandikia mtoto mzito ubaoni: Manhattan Project, Los Alamos, Trinity, yaani mradi, mahali na jaribio la bomu la kwanza la atomiki. Basi. Hammer, aliyekuwa na jibu la kejeli kwa kila mtu tangu picha ianze, anakosa la kusema. Filamu nzima amekuwa akidhani anafukuzia fedha. Kwa mara ya kwanza uso wa Meeker unakuwa wa mtu mdogo.

Velda alikuwa ameshamwonya. Ana maneno marefu kidogo ambayo naweza kuwafupishia: unaanza na uzi mwembamba, uzi unakupeleka kwenye kamba nyembamba, kamba nyembamba inakupeleka kwenye kamba nene, na hiyo nene ndiyo itakayokunyonga. Mtu aliyetumwa kulala na waume za watu kwa kazi ya ofisi ndiye mwenye akili kuliko bosi wake. Maxine Cooper anayasema hayo bila machozi, na nadhani hajapewa sifa anazostahili.

Na Nick, fundi gari! Nick Dennis anamfanya awe mtu wa kelele na furaha, mpenda magari kama watoto wanavyopenda peremende. Ni yeye pekee katika picha hii anayempenda Hammer bila kutaka kitu. Hammer anamtumia kuulizauliza mitaani, akijua fika hatari iliyopo, kwa ahadi ya gari. Kisha yuko chini ya gari, mtu asiyeonekana uso anaachia jeki, na tunabaki na macho ya Nick yanayoona chuma kikishuka. Hammer analewa usiku huo. Ni saa pekee anapofanana na binadamu, na asubuhi anarudi kuwa yuleyule.

Tuvuke bahari. Picha ilipofika Ufaransa, jina likageuzwa kuwa En quatrième vitesse, yaani kwa gia ya nne, wakaipokea watu ambao hawakuwa na deni lolote na Spillane. Paris kulikuwa na kundi la vijana waliokuwa wakiandika katika jarida la Cahiers du cinéma, wenye maneno mengi na mifuko mitupu, ambao bado hawakuwa wameongoza filamu ndefu hata moja. François Truffaut alikuwamo. Claude Chabrol alikuwamo, na Desemba 1955 aliandika makala juu ya safari ya filamu za uhalifu na akaifikisha safari hiyo kwenye Kiss Me Deadly. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba Aldrich alichukua malighafi mbovu kuliko zote zilizokuwa sokoni, hadithi ya aina iliyoshaanza kuoza, akaifuma upya ikawa kitu cha fahari. Mwaka huohuo Raymond Borde na Étienne Chaumeton walitoa kitabu cha kwanza juu ya zile filamu "nyeusi" za uhalifu za Marekani, ambazo Wafaransa ndio waliozipa jina la noir, na baadaye wakaja kuiweka picha hii kwenye mlango wa kutokea wa kipindi kizima kilichofunguliwa na filamu ya Falcon wa Kimalta mwaka 1941.

Hapo ndipo kinapokuja kisa kinachonifurahisha. Wafaransa walimuuliza Aldrich juu ya maana zote walizozikuta, za atomiki, za McCarthy, za Ugiriki ya kale, naye akakubali baadhi na kushangaa nyingine. Aliungama kwamba alimwona Hammer kama fashisti asiye na imani ya kitu, na kwamba alitaka kusema lengo halihalalishi njia. Mengine, alisema, wameyaongeza wao. Bezzerides ndiye aliyekuwa mkavu zaidi. Aliulizwa maswali hayohayo mpaka uzeeni (alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 98) na jibu lake halikubadilika sana: hakuwa akifikiria hayo yote, aliandika haraka, alikuwa anajifurahisha.

Wanafunzi hupenda kuniletea maneno hayo ya Bezzerides kama rungu. Mwalimu, mbona mwenyewe amekana? Mimi simwamini hata kidogo. Mtu anayejifurahisha tu haandiki ile orodha ya Manhattan na Los Alamos. Anaandika neno "bomu" na kuendelea. Mtu anayejifurahisha hampi Christina shairi la Christina Rossetti, mshairi Mwingereza, liwe ramani ya kupatia ufunguo, mpelelezi akalazimika kusoma ushairi kwa shida. Ila namwelewa. Mwandishi wa kazi ya kuajiriwa akishakuona unamtukuza sana, ataanza kushuka ngazi kabla hujamsukuma.

Nina lawama yangu pia, ili msije mkadhani nimelipwa na Wafaransa. Filamu inamjua Hammer vizuri, lakini mwishoni inamtupia mzigo mwanamke. Dokta Soberin, mwovu mkuu, yule tunayekuwa tumeona viatu vyake tu, anatoa hotuba ya Pandora, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki aliyefungulia dunia balaa, ya mke wa Lutu, ya Medusa, na Gabrielle, mwanamke aliyeshirikiana naye, anampiga risasi kisha anafungua kasha kwa udadisi. Hadithi iliyotumia saa moja na nusu kutuonyesha uchoyo wa wanaume inamaliza kwa kisa cha kale kuliko vyote cha kumlaumu Hawa. Gaby Rodgers anaicheza kwa namna ya kutisha kweli, lile yowe linapanda pamoja na moto mpaka huwezi kuvitenganisha, lakini uandishi pale umechukua njia ya mkato. Wahakiki wanawake wa miaka ya karibuni wamelisema hilo, na nadhani wako sahihi.

Sasa mwisho wenyewe. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua sheria moja isiyohitaji kuandikwa: stelingi hafi. Ukiona amekufa, subiri, kuna sehemu ya pili. Nakala za Kiss Me Deadly zilizozunguka duniani kwa miongo kadhaa ziliivunja sheria hiyo. Hammer ana risasi mwilini, anamfungua Velda kwenye chumba alichofungiwa, nyumba ya ufukweni inalipuka, na maneno ya mwisho yanatokea juu ya moto. Hakuna aliyeonekana kutoka. Kizazi kizima cha wahakiki kiliandika juu ya filamu hiyo yenye mwisho huo. Paul Schrader, kabla hajawa mwandishi wa filamu maarufu, aliitaja mwaka 1972 kuwa kilele cha filamu noir, na wengi waliomfuata waliupenda hasa mwisho ule kwa sababu ulikuwa mkatili kiasi hicho: Marekani inajilipua, hata stelingi hanusuriki.

Shida ni kwamba Aldrich hakuumaliza hivyo. Katika mahojiano alieleza kwamba wawili wale wanatoka na kusimama ndani ya maji. Mwaka 1997 vipande vilivyokosekana vikarudishwa, baada ya kukutwa katika kopi ya Aldrich mwenyewe, na ndivyo mlivyoviona leo: Velda anamshikilia, wanayumba ngazini, wanaingia baharini hadi mapajani, wanageuka kutazama. Ni sekunde 82 tu. Miaka miwili baadaye, 1999, filamu ikaingizwa katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Taifa lilelile ambalo seneta wake aliitaka ijieleze.

Wapo waliosikitika iliporudi kamili. Walisema mwisho mrefu umelainisha mambo, umeirudisha picha katika kawaida ya Hollywood, jamaa kapona na mchumba wake. Mimi nakataa. Mtazameni tena pale majini. Amepigwa risasi. Mkono wake ulishachomwa na kitu kile. Amesimama hatua chache kutoka kwenye moto wa nyuklia, na upepo unatoka upande wa nyumba. Hajaokoka kitu, kapewa muda tu wa kuona. Katika mwisho mfupi Hammer anakufa ghafla, na mtu wa aina yake kifo cha ghafla ni zawadi, maana hatatakiwa kufikiri. Mwisho mrefu unamlazimisha asimame na kuangalia kitu alichokifukuza picha nzima bila kuuliza ni nini. Kwa watengenezaji wasiompenda, naona hiyo ndiyo adhabu waliyoikusudia.

Jambo moja dogo kwa wanaosomea upigaji picha, kabla sijakaa. Ernest Laszlo, mpigapicha, aliipeleka kamera mitaa halisi ya Bunker Hill, kilima cha nyumba kuukuu za mbao katikati ya Los Angeles zilizokuwa zimegeuzwa vyumba vya kupanga. Mmeziona ngazi zile ndefu, na treni ndogo ya Angels Flight inayopanda mteremko nyuma ya Hammer. Muda si mrefu baada ya hapo serikali ya mji ilianza kubomoa mtaa mzima. Treni ikafungwa mwaka 1969, na ilipofunguliwa tena mwaka 1996 haikuwa mahali pale pale. Kwa hiyo wapo watu wanaoitazama filamu hii bila kujali Hammer wala kasha. Wanatafuta mtaa waliozaliwa, wanasimamisha picha kwenye kibaraza fulani, na wanaendelea. Nao ni wapokeaji wa filamu, ingawa hakuna jarida la Paris lililowahesabu.

Fundi wetu ameandaa ule mwisho wa zamani, mfupi, tuutazame sasa hivi. Baada ya hapo maswali, na yeyote anayeona nimemwonea Bezzerides, au nimempendelea Kefauver, aje mbele achukue maikrofoni. Chai haitapoa, nimeuliza.